Kisima cha Kilambo Baada ya Ardhi Kucheza

Wiki iliyopita walikuja vijana hapa Likombe na gari lenye mnara wa chuma. Wakatoboa ardhi ya jirani yangu tangu asubuhi, na kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yanaruka juu. Wakafunga pampu, wakaosha mikono, wakapanda gari. Hata tope kwenye viatu hawakuwa nalo. Mmoja wao, binti mwenye kofia ya njano, alikuja kuniamkia nilipokuwa nimekaa barazani.

"Shikamoo babu. Wananiambia na wewe ulikuwa mchimba visima."

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi ndio wachimbaji. Mimi nilikuwa mpangaji wa visima. Nilikaa humo ndani kuliko nilivyokaa nyumbani."

Akacheka. Kisha akaniuliza swali ambalo halijaulizwa na mtu siku nyingi: je, niliwahi kuogopa? Nikaanza kumjibu, nikafika mahali pa kuvuta pumzi, wenzake wakapiga honi. Akaondoka na robo ya habari. Basi binti, popote ulipo, wewe na wenzako mnaoshika kazi hii sasa, hii ndiyo robo tatu iliyobaki.

Mimi ni Selemani. Kazi nilifundishwa na Mzee Mfaume wa Mikindani, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Ukichimba vizuri alinyamaza. Ukiharibu alizungumza mpaka jioni. Alinifundisha kushusha koroboi kwenye shimo kabla ya kushuka mwenyewe, kwa kuwa pana hewa humo chini ambayo haina harufu wala rangi na inamaliza mtu kama usingizi. Taa ikizimika, unakaa juu. Alinifundisha kuchonga vishimo vya kukanyagia pande zote mbili za ukuta kila ninapozidi kuzama, hata kama kamba ni mpya. "Kamba ni ya kupandia," alikuwa akisema, "vishimo ni vya siku kamba ikikataa." Alinifundisha kufinyanga mchanga wenye unyevu kiganjani na kuuachia: ukishikana, chimba, ukimwagika, toka haraka.

Lakini hakunifundisha kuacha kiburi. Hilo nilijifunza Nanyamba, kazi yangu ya kwanza bila yeye. Kule juu maji yako mbali sana, na wenyeji waliniambia hivyo. Mimi nikajibu kwamba fundi ni fundi. Nikachimba udongo mwekundu, nikachimba tena, kamba ikaisha nikaunga nyingine, nikachimba. Hakuna hata jasho la maji. Mwenye shamba, mzee mpole mwenye mikorosho mingi, alikuja akachungulia, akadondosha jiwe, akasikiliza. Hakugomba. Akajenga kibanda juu yake, akakifanya choo. Nilipopita pale miaka mingi baadaye akanishukuru mbele za watu, akaniambia hakijajaa na wala hakionyeshi dalili.

Aliyekuwa akinishikia kamba ni Chande, mlamu wangu, kaka wa mke wangu Zainabu. Vijana, chagueni mshika kamba kwa uangalifu kuliko mnavyochagua mchumba, maana mchumba mnaweza kugombana na kesho mkapatana. Chande alikuwa mtu wa maneno machache na mihogo mibichi mingi. Mfuko wake haukukosa muhogo. Alisimama kwenye gogo letu, lile gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili lenye mpini wa kuzungushia kamba, akatafuna, akazungusha, akanyamaza. Ilitokea siku nzima ikapita nisisikie kutoka kwake ila neno "ndoo" na neno "haya".

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimeshika kasi. Asubuhi ile tulikuwa tunachimba kisima cha Bi Mwanahawa hapa hapa Likombe. Wakati huo palikuwa na mikorosho mitupu na nyumba chache za makuti. Nilikuwa chini, nimeshaona unyevu, maji kidogo yamenikusanyikia kwenye nyayo. Nikasikia mngurumo. Nikadhani lori.

"Chande!" nikapaza sauti. "Mwambie huyo dereva asipite karibu na kisima!"

Nikaangalia chini. Yale maji ya miguuni yalikuwa yanarukaruka kama maharage yanayochemka. Mchanga ukanimwagikia shingoni. Kisha nikaisikia sauti ya mlamu wangu, na sikuwa nimejua kwamba anayo sauti kubwa kiasi kile.

"Shika kamba! Mlamu, shika kamba!"

Nikaikamata. Ukuta ulikuwa unanijia na kuniacha, unanijia na kuniacha. Mvumo ule sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwenye meno. Kamba ilipanda, ikasimama, ikapanda. Miguu yangu ikatafuta vishimo nilivyovichonga mwenyewe jana yake. Vingine nilivikuta, vingine vilikuwa vimeshaporomoka. Nikatema mchanga, nikapiga shahada, nikapanda.

Nilipotoa kichwa nje niliona hivi: Bi Mwanahawa amekumbatia mnazi, macho kayafumba. Watu wa jirani wamelala kifudifudi au wanakimbia bila kujua waendako. Na Chande yuko peke yake kwenye mpini. Nguzo moja ya gogo imeng'oka, ameikandamiza kwa paja ili isianguke, na bado anazungusha. Ngozi ya viganja imechubuka imebaki kwenye mpini. Nilipogaagaa kutoka ukingoni, kisima kikajifunga nyuma yangu, kwa sauti kama ya mtu anayemeza.

Baadaye, ardhi ilipotulia, nilimuuliza, "Kwa nini hukukimbia?"

Akajitazama viganja. "Ningekwenda kumwambia nini Zainabu?"

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kufanya kuhusu jambo hilo.

Tulikwenda Mikindani kwa miguu kutazama ndugu. Nyumba za fito na makuti zilikuwa zimeinama lakini zimesimama, na waliokuwemo walitoka wakijipukuta vumbi. Zile za mawe, zile za fahari, ndizo zilizokuwa zimewaangukia wenyewe. Kuta nene za mawe ya matumbawe, ambazo babu zetu walizijenga kwa chokaa, zilikuwa zimelala njiani kama mtu amezisukuma. Bahari nayo ilikuwa imevutwa nyuma kisha ikarudi kwa fujo, ikaiacha mitumbwi barabarani. Watu walikuwa wamepanda kilimani na watoto na kuku, hawataki kushuka, wanaiangalia ile ghuba kana kwamba ni mnyama.

Tulichimba, mimi na Chande na wengine. Ndiyo kazi tuliyoijua. Safari hii tulikuwa tunatafuta watu. Wengine tuliwatoa wakiwa hai. Mzee Mfaume hatukumtoa hai. Alikuwa amekaa barazani kwa mwenye nyumba wake anakunywa kahawa, ukuta ukamjia kwa nyuma. Maisha yake yote alishuka ardhini, kwenye hewa mbaya na mchanga unaoporomoka, akatoka salama, na kifo kilimkuta amekaa juu juani na kikombe mkononi. Tulimwosha mimi na Chande. Siku ile nilijua nimemalizana na kazi hii.

Halafu vijana, wasiwaambie kwamba tetemeko ni dakika moja. Dakika moja ni mwanzo wake. Ardhi iliendelea kucheza, mara asubuhi, mara katikati ya mlo, mara kidogo, mara kwa nguvu. Watu waliiita mitikisiko hiyo watoto wa tetemeko, na mama yao alikuwa mzazi hodari. Kila mtu alilala nje. Jirani yetu mmoja alikihamishia kitanda chake cha kamba kwenye shamba la mihogo, akaendelea kupokea wageni huko, akiwakaribisha "ndani" kama yuko sebuleni. Mimi niliweka bakuli la maji kando ya mkeka wangu, niwe nalitazama kama linatikisika. Nikawa nalitazama hata wakati wa kula. Zainabu akasema bakuli lile limeolewa na mimi.

Kibaya zaidi, nilihisi mtikisiko hata usipokuwepo. Nimekaa, miguu inaniambia ardhi inakwenda. Natazama bakuli, limetulia. Natazama Zainabu, anapepeta mchele. Nakaa tena, inakwenda tena. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilitembea mpaka sokoni bila shida ya kununua kitu, nikarudi, nikatembea tena.

Na wakati huohuo kila mtu alinitaka. Visima vya pwani yote vilikuwa vimeharibika. Kimoja maji yamegeuka tope, kingine yamekuwa ya chumvi, kingine kimejaa mchanga mpaka mdomoni. Watu walikuja, nikawaambia mgongo unauma. Wengine nikawaambia sururu imepotea. Sururu ilikuwa imeegemea ukuta, wanaiona. Wakaaga kwa adabu.

Ndipo akaja Bi Somoe.

Alipiga hodi asubuhi, mwanamke wa makamo, kanga zake zimejaa vumbi la safari. Zainabu akampa kiti na kikombe cha maji. Yule mama akakishika kikombe kwa mikono miwili, akayatazama maji yale muda mrefu.

"Haya mnayateka wapi?"

"Kwenye bomba la mjini, mama," Zainabu akajibu.

"Sisi tunayateka mtoni." Akanywa yote, akakiweka kikombe chini. "Natoka Kilambo. Visima vyetu vimejaa mchanga vyote. Mke wa mwanangu, Fatu, alikwenda mtoni na ndoo. Ndoo tumeipata."

Sijui kama mnaujua mto Ruvuma vijana. Mamba wa kule hawana haraka. Hujifunza njia ya watu, wakangoja.

Nikaanza kumweleza habari ya mgongo. Sikumaliza. Zainabu, ambaye alikuwa ameapa mbele ya mama yake kwamba mimi na kaka yake hatutashuka tena shimoni, aliinuka akaingia ndani. Akatoka na kamba yetu. Akaketi chini, akainyoosha mapajani, akaanza kuipapasa kidogo kidogo tangu ncha mpaka ncha, kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Sisi sote tukawa tunamtazama. Alipomaliza akaitupa pembeni.

"Hii haifai," akasema. "Nunueni mpya."

Tukaondoka kesho yake, mimi na Chande na Bi Somoe, juu ya lori la chumvi, na lilipotuacha tukatembea. Njiani Chande alinyoosha mambo kwa namna yake.

"Mimi nitashika kamba. Kushuka sishuki."

"Sijakuomba ushuke."

"Nasema tu."

Kilambo ilikuwa na jeraha lake peke yake. Watu wa pale walikuwa wamezoea kusikia mizinga ya ng'ambo, na walikuwa wamechimba mahandaki ya kujificha ndege za Wareno zikipita. Basi ardhi ilipovuma, walifanya kile walichojifunza. Walikimbilia mahandakini. Vijana, mtu akikuuliza tetemeko ni nini, mwambie ni lile jambo linalokufanya ukimbilie kaburi lako kwa miguu yako mwenyewe. Mahandaki mengine yaliwafukia. Wengine walinusurika kwa kuchelewa tu: bibi mwenye mguu mbaya, na mlevi mmoja ambaye hakuamka kabisa na ambaye tangu siku hiyo aliitoa habari hiyo kama hoja ya kidini, mpaka imamu akamwomba anyamaze.

Pale tulimkuta kijana kutoka ofisi ya maji, Ndugu Matei, mtu wa upande wa Masasi, ametoka chuoni si siku nyingi. Alikuwa na mifuko ya saruji, nondo, na kalibu la chuma la duara la kumwagia zege. Kabla sijapumzika akaanza kunieleza. Hatutachimba shimo kisha tujenge ukuta, alisema. Tutafyatua mapete makubwa ya zege, upana wa kumtosha mtu kuinama. Tunaliweka pete juu ya ardhi, fundi anaingia ndani yake, anachimba chini ya miguu yake na chini ya ukingo wa pete, nalo linazama kwa uzito wake. Likizama, tunaweka jingine juu. Fundi wakati wote yuko ndani ya ukuta.

"Unataka kunizika ndani ya pipa," nikamwambia.

"Nataka usizikwe, mzee." Alikuwa ananiita mzee ilhali sikuwa na mvi hata moja, nadhani ni kwa zile alama za kukosa usingizi usoni mwangu.

"Na ardhi ikicheza?"

Hapo akayageukia mapipa ya maneno yake, akayakuta matupu. Wengi wangesema neno kubwa. Yeye akasema, "Sijui. Najua yanahimili mchanga. Tetemeko sikufundishwa. Mapete haya yamefanya kazi kwingine na mimi nimeyaona. Zaidi ya hapo sina."

Nilimpenda tangu dakika ile. Mtu anayekuambia mahali ujuzi wake unapokomea, unaweza kumkabidhi mguu wako.

Tukafyatua mapete. Nilikuwa sijawahi kuchanganya zege, na Ndugu Matei alinifundisha kama Mzee Mfaume alivyonifundisha udongo, isipokuwa yeye alikuwa anasifu, jambo lililonitia wasiwasi. Zege changa linatakiwa kunyweshwa maji kila siku kama mgonjwa, lisipasuke. Na maji yenyewe ni ya mtoni. Basi wanaume walishuka na wanawake, wakipiga madebe na kurusha mawe ndani ya maji kabla ya mtu kuinama na ndoo. Kila asubuhi tulisikia makelele yale yakishuka njiani, kisha kimya, kisha tunahesabu sauti zinaporudi.

Fatu alikuwa bado hajasaliwa. Mwili haukupatikana, lakini ipo sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo, na imamu alikuwa tayari. Bi Somoe ndiye aliyekataa.

"Hamtamsalia mkwe wangu," alimwambia, nami nilikuwepo, "huku wenzake wanapita njia ile ile aliyopita yeye."

Mwanawe, mume wa Fatu, alikuwa anachanganya zege na sisi. Alichanganya kana kwamba zege limemkosea.

Siku ya kushuka ilipofika, miguu yangu ilikataa. Sisemi niliogopa, ingawa niliogopa. Nasema miguu ilikataa, kama punda. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa pete la kwanza, nimeshika sururu, kamba mpya ipo kiunoni, koroboi imeshashushwa kwa mazoea tu, ikawaka vizuri. Watu wamezunguka. Chande yuko kwenye mpini na muhogo wake. Jua likapanda.

Bi Somoe akaja. "Fundi, unangoja nini?"

"Nangoja miguu, mama."

"Haya." Akatandika kipande cha mkeka kando yangu, akaketi. "Tuingoje pamoja."

Hakunihimiza. Hakunionea huruma pia. Alikaa kama mtu anayengoja gari ambalo anajua litakuja. Watu wengine wakachoka wakaenda mashambani. Ardhi ikatikisika kidogo, sote tukashikana, ikatulia. Baadaye nikajikuta nimeingia. Mpaka leo sikumbuki nilivyoinuka.

Kazi ya mapete ina siri yake na nitawaambia, ingawa nyinyi mna mashine. Chimba katikati kwanza, kisha fuata ukingo sawasawa kwa mzunguko. Ukizidisha upande mmoja, pete linainama, na pete likiinama kisima kizima kinakuwa kama jino lililoota vibaya. Ndugu Matei alikuwa akiweka pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, juu ya ukingo na kunipigia kelele, "Kushoto mzee, kidogo!" Tukazama vizuri. Pete la pili, la tatu, yakaendelea. Nikafika mahali mchanga ulikuwa unatiririka kama uji, ule ambao Mzee Mfaume angeniambia nitoke haraka, na kwa mara ya kwanza maishani sikutoka. Zege lilikuwa linauzuia. Niliuona ukilipapasa kwa nje, ukitafuta pa kuingilia.

Kisha pete likakwama. Kulikuwa na udongo mgumu wa mfinyanzi upande mmoja, umelikamata ukingo. Juu yake kuna uzito wa mapete yote na halishuki. Nikapiga magoti, nikachimba chini ya ukingo kwa sururu fupi, mguu mmoja nimeukaza chini ya pete ili nipate nguvu. Vijana, msifanye hivyo. Hata kama mnaharakisha, hata kama maji yananukia. Usiweke kiungo chako chini ya kitu ambacho kazi yake ni kushuka.

Ardhi ikacheza.

Haikuwa kama ile ya kwanza, lakini nilikuwa chini sana na kwangu ilitosha. Koroboi ikazimika. Juu nikasikia watu wanapiga kelele na miguu ikikimbia. Mapete yakagongana, kong, kong, kama mtu anapiga pipa tupu. Na ule udongo uliokuwa umelikamata pete ukaachia. Uzito wote ukashuka kwa mpigo mmoja. Nilivuta mguu. Niliuvuta mwingi, lakini sikuuvuta wote.

Sikusikia maumivu. Nilichosikia ni ubaridi, unapanda kwenye vifundo, kwenye goti. Nikadhani ni damu. Nikachovya kidole gizani nikaonja. Yalikuwa maji, matamu, yana udongo tu.

"Mlamu!" Chande aliita. "Upo?"

"Nipo! Maji!"

"Nimekuuliza wewe! Maji sijayauliza!"

Akanipandisha. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibaki Kilambo, na watu wa huko hawajawahi kunidai kodi ya ardhi. Dresa wa zahanati alinifunga jeraha. Ndugu Matei alikuwa amekaa chini kando ya kisima, kichwa kati ya magoti. Nilidhani anaumwa. Alipoinua uso nikaona alikuwa analia, bila sauti.

"Yamehimili," akasema.

"Yamehimili," nikamjibu. "Sasa unajua."

Mngedhani wanawake wangekimbilia maji yale siku ileile. Wapi. Yaliposafika, na yalisafika haraka, ya baridi na hayana chumvi, wengi walikipita kisima kwa mbali wakashika njia ya mtoni na madebe yao. Walisema lile shimo limeshakula vidole vya fundi, litakula na mengine. Walisema ardhi ikifunguka itaanzia pale. Sikuweza kuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala nje na mkono kiganja chini, nikipima.

Bi Somoe aliamka mapema, akaenda kwenye njia ya mtoni, pale inapobana kati ya vichaka, akaketi katikati akanyoosha miguu. Wanawake wakafika, wakasimama.

"Bi Somoe, tupishe."

"Piteni. Nirukeni."

Kumruka mtu mzima aliyeketi, tena mfiwa, nani angethubutu? Wakasimama na ndoo zao, wakatazamana. Mmoja akaanza kulia. Mmoja akakasirika, akasema maneno makali. Mwisho bibi mmoja akageuka, akashika njia ya kisimani akiguna, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Bi Somoe alikaa pale mpaka njia ikawa tupu kabisa. Ndipo akainuka, akajipangusa, akaenda kwa imamu.

"Sasa msalieni," akasema.

Tulitawadha kwa maji ya kisima kile. Tukajipanga uwanjani, maana msikiti ulikuwa na ufa na hakuna aliyetaka kuingia. Mume wa Fatu alisimama nyuma ya imamu. Mimi nilisimama kwa mguu mmoja, nimemwegemea Chande, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na muhogo mdomoni. Wanawake walikaa nyuma yetu kwa mbali, na Bi Somoe mbele yao.

Sala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu, mnajua. Ni kusimama tu. Imamu akatoa takbira ya kwanza, tukakunja mikono. Akatoa ya pili. Baada ya ya tatu, tukiwa tunamwombea marehemu, nikausikia mngurumo. Nikajiambia ni miguu yangu, imeanza uongo wake. Lakini nikahisi bega la Chande limekakamaa, na madebe yaliyopangwa kando ya kisima yakaanza kugongana. Ardhi ilikuwa inacheza kweli.

Takbira ya nne, ile ya mwisho, haikuja. Nilimwona shingo yake kwa nyuma, jasho likiteremka. Sote tulikuwa watu tuliokuwa tumezoea kukimbia. Kwa wiki nyingi hatukuwa tumefanya jambo jingine. Nikasikia mtoto mmoja akilia nyuma, na sauti ya Bi Somoe ikimwambia, taratibu, "Simama hapahapa."

Mume wa Fatu hakugeuza kichwa. Mtu wa pembeni yake akamsogelea, bega kwa bega, na aliyefuata akamsogelea huyo, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu, mpaka nikabanwa kati ya Chande na mtu nisiyemjua jina. Tukayumba pamoja. Imamu akavuta pumzi, akatoa takbira ya nne.